Tumbaku ya Tabora: anayeleta mbolea ndiye mwenye soko

Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mjadala wa siku zote huamka. Wapo wanaosema zao hili linaua watu, linamaliza misitu na kuwatia wakulima madeni, kwa hiyo liachwe. Wapo wanaojibu kwamba nyumba za bati, pikipiki na ada za shule vijijini zimetoka kwenye tumbaku hiyohiyo, na anayetaka iachwe aje na kitu mkononi. Kila upande una haki yake. Ila nikiwasikiliza naona wote wanabishana juu ya jani, na wachache wanaigusa mbolea, ambayo ndiyo inayomshikilia mkulima.

Watu wengi wa nje ya mkoa hudhani mkulima wa tumbaku hulima, huvuna, kisha hutafuta mnunuzi. Sivyo. Mkulima mdogo ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. AMCOS inaingia mkataba na kampuni ya ununuzi, Bodi ya Tumbaku ikisimamia, na makisio ya kilo yanapangwa kabla ya msimu. Hapo ndipo pembejeo zinapokuja kwa mkopo: mbegu, viatilifu, mbolea ya NPK 10:18:24, vifungashio. Mbegu husiwa vitaluni kuanzia Agosti, miche huhamishiwa shambani mvua zikishika, na kuanzia Januari ni kuchuma na kuchoma kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia majani kwa moto, usiku na mchana, kisha kupanga madaraja na kufunga marobota. Siku ya soko mteuzi analikagua robota na kutamka daraja. Bei ya kila daraja ilishajadiliwa mapema, kwa dola. Deni linakatwa juu kwa juu, na kinachobaki ndiyo jasho la mwaka.

Sasa mlinganishe na mkulima wa mahindi wa kijiji hichohicho. Nani anamletea mbolea mpaka ghalani bila kumdai fedha taslimu? Nani amemwahidi mwezi Oktoba kwamba Mei atakuja na mizani? Ruzuku ya serikali inapunguza bei ya mfuko, lakini bado inamtaka awe na fedha mkononi wakati ambao nyumba nyingi hazina kitu. Ndiyo maana utakuta familia inalima ekari mbili za tumbaku hasa ili ipate mbolea, na sehemu ya mbolea hiyo inaishia kwenye mahindi, au mahindi yanapandwa mwaka unaofuata palipokuwa na tumbaku ili yafaidi masalia ya mbolea. Kampuni hazilipendi jambo hilo na zina sababu, maana kila kilo inayohamishwa inapunguza ubora wa jani. Lakini linaonyesha kwa nini mahubiri ya kuacha tumbaku hayashiki. Mkulima anaambiwa aache zao, na zao hilo ndilo benki yake ya pekee.

Historia ya Urambo inaunga mkono hoja hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliichagua, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kwa mradi mkubwa wa karanga ulioanza 1947. Walileta matrekta, wakang'oa miti, wakajenga barabara, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Tumbaku ndiyo iliyosalia kwenye ardhi hiyo hadi leo. Udongo wa kichanga unaifaa, ni kweli, lakini udongo peke yake hautoshi kueleza. Tumbaku ilipata watu wa kuishika kuanzia mbegu hadi melini, jambo ambalo mazao mengi ya Tanzania hayajawahi kulipata.

Utetezi wa tumbaku kwa hiyo una uzito, na takwimu za karibuni zinauongezea. Msimu wa 2021/22 nchi ilizalisha takriban tani 60,000. Msimu uliofuata zilizidi tani 120,000. Uzalishaji ulikua maradufu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu wanunuzi waliongezeka na makisio yakafunguliwa. Wakulima walikuwapo, na mashamba yalikuwapo, kilichokosekana ni mkataba.

Hapohapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Kama uzalishaji unaweza kupaa hivyo kwa uamuzi wa wanunuzi, basi unaweza pia kuporomoka kwa uamuzi wao. Tuliliona mwaka 2018, pale mojawapo ya kampuni kubwa za ununuzi ilipotangaza kufunga shughuli zake nchini. Vyama vilivyokuwa na mkataba nayo vilibaki na mabani, wanachama na madeni, bila mnunuzi. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Uamuzi ulitokana na hesabu za ofisi za mbali, ambako Tabora ni mstari mmoja kati ya mistari mingi: Brazil, Zimbabwe, India, Malawi.

Na hesabu ya mkulima mwenyewe je? Akisema msimu huu amepata milioni nne, mara nyingi ametoa deni la pembejeo tu. Hakutoa kazi ya mke wake aliyenyweshea vitalu, watoto waliotunga majani, wala usiku aliokesha akichochea moto kwenye bani. Hakutoa mahindi aliyonunua kwa sababu ekari bora na wiki bora za mvua zilikwenda kwenye tumbaku. Kuna pia gharama ya mwili: nikotini hupenya ngozini mtu anapochuma majani yenye umande au mvua, akapata kizunguzungu na kutapika, na wengi hudhani ni njaa au malaria. Tukiviweka vitu hivi vyote kwenye daftari, familia nyingi zitakuta faida ni ndogo mno, na nyingine zitakuta hakuna. Wanaolima kwa mbolea ya kutosha, bani zuri na ujuzi wa kuchoma wanafaidika kweli, siwakatalii. Lakini tunapenda kuwanyooshea kidole hao kama mfano, ilhali wengi hawako hapo.

Kuna mtu wa chini zaidi ambaye hatajwi kabisa kwenye vikao vya bei, naye ni kibarua. Wengi wao hutoka Kigoma, kutoka Kasulu na Kibondo, na wengine Burundi. Wanafika kabla ya mvua, wanalala na kula kwa mwenye shamba, na makubaliano yao ni kulipwa tumbaku ikishauzwa. Soko likichelewa, daraja likishuka, au kampuni ikichelewesha fedha, mwenye shamba analalamika kwa chama, chama kinalalamika kwa Bodi, na kibarua hana wa kumlalamikia. Naumia ninapoona uchambuzi mwingi wa zao hili unaishia kwa mkulima, utadhani ndiye wa mwisho kwenye mnyororo.

Madeni nayo yana ukatili wake. Mkopo unaingia kwa jina la chama, na makato hufanywa kwa chama. Mwenzako akitorosha tumbaku yake kwa wanunuzi wa vishada wanaolipa taslimu gizani, deni lake halitoroki naye. Linabaki chamani na kuwaangukia waliouza kihalali. Anayeuza kwa vishada naye ana sababu, kwa kuwa mtoto akiugua Machi, soko la Mei halimsaidii. Kwa hiyo uaminifu wa mtu mmoja unaadhibiwa kwa shida ya mwingine.

Misitu haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyepita barabara ya Tabora kwenda Kaliua. Tumbaku ya mvuke, ambayo ndiyo kubwa hapa, hukaushwa kwa joto la kuni, na kuni hizo zilitoka kwenye miombo. Wakulima wanatakiwa kupanda miti, na mabani yanayokula kuni kidogo yameenezwa, nayo yanasaidia. Lakini mikaratusi iliyopandwa haiirudishi mitundu na miyombo, na hiyo ndiyo miti inayotoa maua ya nyuki. Tabora ina jina kwa asali, Sikonge hasa. Wafugaji nyuki hulazimika kupeleka mizinga mbali zaidi kila mwaka kukwepa viatilifu na mashamba mapya. Tunaua zao moja linalotaka msitu usimame ili kukuza jingine linalotaka msitu ulale, na hakuna ofisi inayoweka mahesabu ya yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Baadhi ya watu hudai suluhisho ni mnada, kwamba kampuni zishindane mbele ya robota badala ya kila moja kuwa na vyama vyake. Napenda wazo hilo. Korosho inauzwa kwa mnada na mkulima anasikia bei kwa masikio yake. Lakini tuitazame Zimbabwe, nchi inayoongoza Afrika kwa tumbaku. Minada ya Harare ina sifa dunia nzima, na bado zaidi ya asilimia 90 ya jani lao sasa hupita kwenye mikataba, kwa sababu wakulima wadogo waliopata ardhi baada ya mwaka 2000 hawakuwa na mtaji. Aliyekuja na mbolea ndiye aliyeondoka na jani. Mnada bila mkopo huru utakuwa ukumbi mtupu hapa pia. Kinachowezekana mapema zaidi ni wateuzi wasiomtegemea mnunuzi, na haki ya mkulima kupinga daraja papo hapo bila robota lake kusukumwa mwisho wa foleni.

Upande wa afya, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Jibu linalotolewa Tabora ni kwamba sisi tukiacha, wengine watalima, na sigara haitapungua hata moja. Kwa sehemu ni kweli, kwani jani letu kubwa linauzwa nje na pengo letu litazibwa. Hata hivyo jibu hilo linasahau wavutaji wenyewe. Mwaka 2000 karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu duniani alitumia tumbaku. Sasa ni takriban mmoja kati ya watano. Idadi ya watu inaongezeka, kwa hiyo soko halitazimika kesho, lakini mtoto anayezaliwa Kaliua leo asiachiwe urithi wa bani peke yake.

Mkataba huohuo, katika ibara ya 17, unazitaka serikali ziwasaidie wakulima kupata kipato mbadala. Kwetu mbadala umekuwa ukija kama miche: mikorosho Tabora, michikichi Kigoma. Mche ni mwanzo mzuri, lakini mkorosho unataka miaka kama mitatu kabla ya kutoa kitu, na familia inakula kila siku. Kule Migori, Kenya, mradi ulioanza 2021 kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa uliwapa wakulima wa tumbaku mbegu za maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, pamoja na pembejeo na soko lililopangwa la kuyanunua. Wameiga ile sehemu ya tumbaku iliyokuwa nzuri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tumbaku isipigwe marufuku, na isiongezwe kwa shangwe kama tunavyofanya sasa. Halmashauri zinatoza ushuru wa asilimia 3 kwenye zao hili. Sehemu ya fedha hiyo iwekwe kuwa dhamana benki, ili AMCOS zilezile ziweze kukopa mbolea na mbegu kwa ajili ya alizeti, mahindi au karanga, na mnunuzi awe amesaini kabla ya kupanda. Madiwani watauliza zahanati na madawati yatatoka wapi, na ni swali halali, maana halmashauri kama Urambo na Kaliua zimeegemea ushuru huu kwa miaka mingi. Waanze na vijiji vichache ambavyo makisio yao yamekatwa. Wakulima wa huko wameshatolewa sokoni bila kuulizwa, na mvua za Novemba zitawakuta hawana hata mfuko mmoja wa mbolea.