Kinachowatoa Urusi ni benchi, si dola

Wakenya wenzangu hapa Ontario wakisikia kijana wa Kirusi kahamia ligi ya vijana ya hoki ya barafu huku Kanada, neno la kwanza ni: kafuata dola. Dola zipi? Ligi hizi tatu, ya Ontario, ya Magharibi na ya Quebec, hazilipi mshahara wa maana. Mchezaji anapata posho ya mfukoni, chumba kwa familia inayompokea, na ahadi kwamba kila msimu atakaocheza utamlipia mwaka mmoja wa karo ya chuo kikuu. Kijana huyo huyo akiwa na kipaji cha kweli, klabu kubwa ya Moscow au St. Petersburg ingempa mkataba wa pesa nzuri kabla hajaanza kunyoa ndevu.

Anachokimbia ni benchi. Ligi kuu ya Urusi, KHL, ni ya watu wazima, na kocha akipoteza mechi kadhaa mfululizo kibarua kinaota nyasi. Kocha mwenye hofu hiyo hampi mtoto dakika. Anampa baba wa watoto watatu, miaka 33, ambaye hatamharibia. Matvei Michkov alikuwa akitajwa kuwa kipaji kikubwa cha rika lake, lakini SKA ya St. Petersburg ilimkopesha kwa Sochi, timu iliyokuwa ikiburura mkia, na huko ndiko alikopata kucheza. Ivan Demidov, aliyeteuliwa wa tano na Montreal mwaka 2024, katika uteuzi wa kila mwaka ambao klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, huchagua vijana kwa zamu, alibaki SKA msimu mmoja zaidi, na kuna mechi alizopewa dakika za kuhesabu kwa vidole. Andrei Svechnikov yeye alitoka mapema: kwanza Muskegon, Michigan, kisha Barrie, kaskazini ya Toronto, ambako karibu kila aliye uwanjani ana miaka 16 hadi 20. Akafunga mabao 40 katika mechi 44, na mwaka 2018 Carolina wakamteua wa pili.

Jambo hili nalielewa kwa sababu ndilo lililonitoa mimi. Sikuondoka Eldoret kwa njaa, nilikuwa na kazi. Lakini ofisini nilikuwa "kijana" mpaka mvi zikaanza kuchungulia, na kila cheo kilikuwa na mzee aliyekikalia na mzee mwingine anayemsubiri atoke. Huku nilikabidhiwa kazi ngumu wakati bado wanahangaika kutamka jina langu. Baridi sikuipenda na bado siipendi, lakini nilichezeshwa.

Jirani yangu ni miongoni mwa wanaopokea wachezaji. Klabu humpa kiasi cha kusaidia chakula, na chakula chenyewe ni balaa, maana hao vijana wanakula kama nzige. Begi la hoki haliruhusiwi kuvuka mlango wa gereji kwa harufu yake. Kwenye friji kuna karatasi ya masharti: saa ya kurudi, nani anaosha vyombo, wageni wasipande ghorofani. Kwetu mtoto wa watu akija kwako ni wako, unamtuma dukani na kumgombeza bila karatasi yoyote, na mwanzoni niliona ule ni ubaridi wa kizungu. Halafu nikamwona kijana wa Kirusi aliyekaa pale wakati wa chakula cha jioni: anaegemeza simu kwenye chupa ya maziwa ili mama yake, ambaye kwake ni usiku wa manane, amwone akila. Jirani anapita nyuma na sufuria, anampungia yule mama mkono, wala hawana lugha hata moja ya pamoja. Asubuhi kijana yuko darasani, mchana mazoezini, na mwisho wa wiki kwenye basi. Timu ya Prince George, kule British Columbia, husafiri zaidi ya kilomita 500 kumfikia jirani yake wa karibu.

Ubaya upo, na mkubwa ni pasipoti. Kwa miaka mingi kila klabu iliruhusiwa wachezaji wawili tu wa kigeni, hivyo ukichechemea kuna mwingine anapiga hodi. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ligi hizi zilifunga uteuzi wa wageni kwa Warusi na Wabelarusi, na mlango haukufunguliwa hadi 2024. Sababu naielewa, na watoto wa Ukraine walipoteza zaidi ya hoki. Lakini aliyebaki nyumbani naye hakuwa salama: Julai mwaka huo huo kipa Ivan Fedotov, aliyekwisha kusaini na Philadelphia ya NHL, alikamatwa St. Petersburg akapelekwa jeshini kaskazini.

Mawakala wanaosema lazima utoke ukiwa mtoto wanafanya biashara. Kirill Kaprizov alikuja 2020 akiwa na miaka 23 na kutwaa tuzo ya NHL ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Nail Yakupov alikuja Sarnia kijana mdogo, akateuliwa wa kwanza kabisa mwaka 2012, na mwaka 2018 alikuwa amerudi Urusi.

Haya yote yamenijia kwa sababu binamu yangu kule Iten ana mtoto anayekimbia vizuri, na kuna mtu anamwahidi shule ya Marekani. Anamtaja Edward Cheserek, aliyepelekwa shule ya sekondari Newark na baadaye akashinda mataji 17 ya vyuo vikuu akiwa Oregon. Ni kweli. Nimemwambia amuulize huyo mtu nani analipa tiketi ya kurudi, na mtoto akivunjika mguu karo inaendelea au inakatika. Mpaka sasa jibu alilopata ni kwamba maswali kama hayo yanaleta mkosi.