Mama na mtoto: tusiishie kwenye utamu wa picha

Picha za mama na mtoto zilizochorwa na Waimpreshonisti wa Ufaransa, kundi la wachoraji wa karne ya 19, hupamba kadi na kalenda, na maneno yanayoandamana nazo ni yaleyale: upole, utulivu, mapenzi ya mama. Mimi nazipenda mno picha hizi, na ndiyo maana sifa hizo hazinitoshi. Ninachokiona humo ni kazi, tena kazi ya kuchosha.

Chukua picha ya Mary Cassatt ya mwaka 1893, iliyopo katika jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago. Mwanamke amempakata mtoto na kumwosha miguu kwenye beseni. Mkono mmoja umemkamata mtoto kiunoni asiteleze, mwingine umeshika mguu ndani ya maji. Wote wawili wameinamisha vichwa wakitazama beseni, na hakuna anayemtabasamia mwenzake. Cassatt, Mmarekani aliyehamia Paris, alivutiwa sana na picha za chapa za Kijapani zilizoonyeshwa huko mwaka 1890. Ndiyo sababu tunalitazama tukio hili kwa juu, na rangi zimelala bapa kama kitambaa. Hakuolewa wala hakuzaa. Wapo wanaosema alichora alichokikosa. Nakataa kabisa. Alikuwa fundi aliyejua kutazama mikono ya watu, na hakuna anayemuuliza Degas, mwenzake aliyewachora sana wacheza dansi, kama alitamani kucheza dansi.

Mchoraji Mfaransa Berthe Morisot ndiye anayenigusa zaidi. Mwaka 1872 alimchora dada yake, Edma, ameketi kando ya kitanda cha bintiye Blanche, mkono shavuni, akimwangalia mtoto aliyelala nyuma ya chandarua chepesi. Picha hiyo ilikuwemo katika maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti, Paris, 1874, na leo iko katika makumbusho ya Musée d'Orsay huko Paris. Watu huusifia utulivu wake. Lakini Edma naye alikuwa mchoraji! Alisoma pamoja na Berthe na kazi zake zikapokelewa kwenye maonyesho rasmi ya Salon. Alipoolewa na ofisa wa jeshi la majini mwaka 1869, akaacha kuchora. Nikijua hilo, siwezi kuuona uso ule kama furaha tupu. Nauona uchovu, na labda mawazo yaliyokwenda mbali na chumba kile.

Kisha Morisot mwenyewe akapata mtoto, Julie, mwaka 1878. Alimchora akinyonyeshwa bustanini, lakini anayenyonyesha ni Angèle, mwanamke aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Familia nyingi zenye uwezo zilifanya hivyo, na biashara ya kunyonyesha ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1874, uleule wa maonyesho ya kwanza, Ufaransa ilitunga sheria ya kuwasimamia watoto wachanga waliopelekwa kulelewa kwa malipo. Hapo wapo wanawake wawili kazini: mmoja anauza maziwa yake, mwingine ameshika brashi na kumchora mwanawe kifuani pa mwenzake. Rangi zimepakwa kwa haraka hata uso wa Angèle karibu umeyeyuka.

Mchoraji mwenzao Renoir naye alimchora Aline, aliyekuja kuwa mke wake, akimnyonyesha mtoto wao Pierre mwaka 1885, mnene, mwenye afya, ameridhika. Ni picha nzuri. Ila kama ingekuwa juu yangu, ambayo ingejulikana na kila mtu ni ile ya Angèle, na ingetundikwa ukuta mmoja na ya Edma.