Mikono ya mwalimu isikandamize mgongo

Kwa muda mrefu nilifundisha katika yoga mkao wa kuketi na kuinamia miguu kama nilivyofundishwa mimi: mwanafunzi ananyoosha miguu, anashika vidole, nami nasimama nyuma yake na kumkandamiza mgongo ashuke zaidi. Siku moja mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, acha." Chini ya kiganja changu pingili zake zilikuwa zimejitokeza mojamoja kama shanga. Hakuumia siku ile, ila baadaye alipimwa akakutwa na osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua nguvu. Tangu hapo sijamkandamiza mtu mgongo, na naamini hakuna mwalimu anayepaswa kufanya hivyo.

Mgongo unapojikunja kwenda mbele, mzigo hulemea upande wa mbele wa pingili. Mfupa imara unahimili. Mfupa uliopungua nguvu hubonyea pale mbele, pingili ikabaki na umbo la kabari. Wengi hawasikii hata maumivu. Wanakuja kugundua kimo kimepungua au kibyongo kimeanza.

Mwaka 1984 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokoma hedhi na wenye osteoporosisi ya mgongo. Kati ya 9 waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo mbele, 8 walipata mivunjiko mipya. Kati ya 25 waliofanya ya kuunyoosha kwenda nyuma, ni 4 tu. Makundi yalikuwa madogo, sawa, lakini mimi siwezi kuyasoma matokeo hayo kisha niendelee kufundisha kama jana.

Sisemi watu waache yoga. Mfupa unahitaji kubebeshwa uzito ili ubaki na nguvu, na nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka, kwa hiyo mkao wa shujaa (kusimama miguu mbali, goti la mbele limekunjwa) na wa mti (kusimama kwa mguu mmoja), unaofundisha mwili kusimama imara, una thamani kubwa. Mkao wa nzige, wa kulala kifudifudi na kuinua kifua na miguu, ukifanywa bila pupa, huimarisha misuli ya mgongo. Mkao wa jembe (kulala chali na kupitisha miguu juu ya kichwa) na kusimama kwa mabega nimeviondoa kabisa kwa wenye mifupa dhaifu, pamoja na kujisokota kwa nguvu.

Kabla ya somo nauliza faragha, nijue nani huenda ana mifupa dhaifu: umekoma hedhi? Umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu? Unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu? Kisha natoa fimbo. Inawekwa mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Mtu anakunja magoti kidogo na kuinama kutoka kwenye nyonga. Fimbo ikiachana na sehemu mojawapo, ameshafika mwisho wake kwa siku hiyo, hata kama mikono bado iko mbali na sakafu.

Yule mama bado anakuja. Katika mkao wa mti anaegemeza vidole viwili ukutani, nami nasimama pembeni yake, mikono yangu nyuma.