Cheti cha kifo huanzia kwa naibu wa chifu

Familia nyingi za mashambani Kenya hukumbuka ofisi ya msajili wa vizazi na vifo siku benki inapowarudisha nyumbani. Matanga yamekwisha, mahema yamekunjwa, na karani wa benki hataki kusikia lolote kuhusu akaunti ya marehemu bila cheti cha kifo. Hapo ndipo mtu anapanda matatu hadi makao ya kaunti ndogo na kuambiwa jina halimo kitabuni. Anayelaumiwa ni yule aliye dirishani, ilhali kosa lilifanyika miezi mitatu nyuma, wiki ya msiba, kwenye fomu ambayo hakuna aliyeifuatilia. Naamini kuifuatilia ile fomu ni kazi ya serikali, na kwamba tumewabebesha wafiwa mzigo usio wao.

Kabla ya yote, ofisi hii si ya gavana. Ugatuzi ulipokuja, usajili wa vizazi na vifo ulibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Anayepanga foleni katika ofisi za serikali ya kaunti anapoteza siku nzima na nauli. Dawati linalohusika ni la msajili wa kaunti ndogo, ambaye mara nyingi hukaa karibu na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, au ni lile la Huduma Centre, kituo cha serikali chenye huduma nyingi pamoja, ikiwa ipo karibu.

Kifo huandikishwa kwa fomu mojawapo kati ya mbili. Aliyefia hospitalini huandikiwa D1, na daktari au afisa wa kliniki ndiye anayejaza sababu ya kifo. Aliyefia nyumbani huandikiwa D2 na naibu wa chifu wa kata ndogo, ambaye sheria inamtambua kama wakala wa msajili. Kutokana na fomu hiyo familia hupewa kibali cha mazishi, na kitambulisho cha marehemu husalimishwa. Kifo cha ajali, cha ghafla au chenye utata hupitia kwa polisi kwanza, na mara nyingi mwili hauzikwi kabla ya upasuaji wa maiti. Aliyefia nyumbani kisha akapelekwa mochari bado ni wa naibu wa chifu. Kulala kwenye jokofu la hospitali hakumfanyi kuwa aliyefia hospitalini, na mkanganyiko huu huzirusha familia huku na huku kwa siku kadhaa wakati ambapo gharama ya mochari inazidi kupanda.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapo. Familia ikishapata kibali cha mazishi huona kazi imekwisha. Kibali kinaruhusu kuzika tu. Fomu yenyewe bado iko kwenye droo ya naibu wa chifu au kwa afisa wa rekodi wa hospitali, ikingoja kupelekwa kwa msajili pamoja na nyingine za mwezi huo. Naibu wa chifu akihamishwa, akistaafu, akikosa nauli, au mvua ikikata barabara, fomu hukaa. Isipofika, kifo hakijaingia kwenye daftari, hata kama kijiji kizima kilikuwa kaburini.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kabla kibali hakijamfikia mchimba kaburi. Kipige picha kwa simu pande zote mbili, maana nambari iliyochapishwa juu yake ndiyo itakayomwongoza karani. Kisha soma majina herufi kwa herufi ukiwa na kitambulisho cha marehemu mkononi, kabla hujakisalimisha. Tengeneza nakala ya kitambulisho hicho pia. Mwezi mmoja na nusu baadaye, mpigie naibu wa chifu umuulize fomu za mwezi ule zilipelekwa lini. Ni swali la heshima, na linafanya kazi kuliko kwenda mjini kubahatisha.

Jambo la pili linalowapoteza watu ni mahali. Kifo huandikishwa pale kilipotokea. Mzee wa Pokot Magharibi akifia hospitali ya rufaa Eldoret, akasafirishwa na kuzikwa kwao, rekodi yake iko Uasin Gishu, kaunti iliko Eldoret. Kumtafuta huko Kapenguria, makao ya kaunti ya Pokot Magharibi, ni kuchimba shimo pasipo maji. Nimewasikia watu wakiapa kwamba jina la marehemu liliuzwa au lilifutwa, kumbe walikuwa katika ofisi isiyo yake.

Maombi ya cheti siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na malipo yote ya serikali hupitia nambari moja ya malipo, 222222. Anayekuomba utume ada kwenye simu yake binafsi hakusaidii kuharakisha lolote, na pesa hizo hazitaonekana kwenye stakabadhi yoyote. Kwa kifo cha karibuni, ukiwa na nambari ya kibali, kitambulisho chako na stakabadhi, kazi si ndefu. Ugumu uko kwenye vifo vya zamani, vilivyoandikwa kwa mkono katika vitabu vikubwa. Hapo mpe karani tarehe ya kifo, kata ndogo, na jina kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho, kisha mwombe kwa upole atazame pia miezi miwili au mitatu iliyofuata. Maingizo hufuata siku fomu ilipoandikishwa, na siku hiyo huchelewa nyuma ya siku ya kifo. Kifo cha mwisho wa Novemba mara nyingi kimo kwenye kurasa za Januari ya mwaka unaofuata. Ukilipata, nakili nambari ya ingizo na uitunze. Atakayehitaji nakala miaka ishirini baadaye atakushukuru.

Majina ndiyo yanayoharibu mirathi. Hati ya shamba ya miaka ya sabini ina jina la kuzaliwa na la baba, kitambulisho kikaongeza jina la ubatizo, na naibu wa chifu akaandika lile ambalo kijiji kilizoea kumwita. Mahakama inapoletewa maombi ya usimamizi wa mali hudai cheti cha kifo, na ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Tangazo likitoka kwa jina ambalo halipo kwenye hati miliki, msajili wa ardhi atakataa kuhamisha shamba, na safari itaanza upya. Ikiwa kosa liko kwenye cheti, omba lirekebishwe kwa msajili kabla ya kwenda mahakamani, ukiwa na nakala ya kitambulisho. Ikiwa cheti ni sahihi na hati ya shamba ndiyo ya zamani, usikiguse cheti. Hapo dawa ni kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, pamoja na barua ya chifu. Wengi hufanya kinyume, wakaharibu karatasi iliyokuwa salama.

Ikipita miezi sita bila kifo kuandikishwa, sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 149, haimruhusu msajili kukiingiza bila idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu, tena kwa ada. Utaulizwa ushahidi: kibali kama kipo, karatasi za hospitali, barua ya chifu, kitambulisho cha marehemu, wazee waliokuwepo. Sheria hii ina sababu yake, kwa kuwa wapo waliowahi kuwatangaza ndugu zao kuwa wamekufa ili wauze mashamba yao. Ila mjane ambaye fomu yake ilijazwa siku ya tatu na kuoza kwenye droo ya serikali hakuchelewa. Yeye alitoa taarifa kwa wakati. Kumtoza ada ya kuchelewa na kumtuma atafute mashahidi upya ni dhuluma, na naamini picha ya kibali chenye tarehe ingepasa kutosha kumwondolea hayo yote.

Suluhisho si mitambo ya mabilioni. Naibu wa chifu angepewa daftari la kupokelea, msajili atie sahihi kwa kila fomu anayoletewa, na orodha ya nambari zilizofika ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Familia ingepita, ikatazama, ikajua. Apewe pia nauli ya kazi hiyo, kwa sababu mtu anayepeleka fomu za watu kwa bodaboda anayoilipia kutoka mfukoni mwake atazipeleka akipata.

Kwa Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki, ambao huzika siku hiyo hiyo, mara nyingi hata kibali hakichukuliwi. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa familia kumwona naibu wa chifu ndani ya wiki hiyo akiwa na kitambulisho cha marehemu na mtu mwingine aliyeshuhudia.

Wapo pia wasioandikishwa kabisa, nao ni watoto wachanga. Mtoto wa siku tatu hana shamba wala akaunti, hivyo hakuna ofisi itakayowahi kumdai mama yake cheti. Aliyezaliwa hai anapaswa kuandikishwa kuzaliwa, kisha kuandikishwa kufa, kwa fomu zile zile na naibu wa chifu yule yule. Kata ndogo isiyowaandika huonekana kwenye takwimu kama mahali ambapo watoto hawafi, na zahanati yake haiongezewi muuguzi.