Gun Crazy: nani kamponza nani?

Kabla ya kuitwa Gun Crazy mwaka 1950, filamu hii ya Joseph H. Lewis ilianza kuonyeshwa kwa jina la Deadly Is the Female, yaani mwanamke ndiye hatari. Wanaolikubali jina hilo wana hoja. Laurie (Peggy Cummins) ndiye mwenye tamaa ya fedha, ndiye anayemtishia mumewe Bart (John Dall) kwamba atamwacha asipokubali kuiba, na kwenye wizi wa kiwanda cha nyama cha Armour ndiye anayeua. Bart ana shabaha kali, ila tangu alipoua kifaranga utotoni hawezi kufyatulia kiumbe hai.

Lakini filamu inaanza Laurie hajatokea. Bart, mvulana tu, anavunja kioo cha duka usiku wa mvua aibe bastola. Uchu wake wa silaha umeitangulia ndoa.

Jibu zito zaidi liko kwenye wizi wa benki ya Hampton, uliopigwa picha Montrose, California, kwa mkupuo mmoja, bila kukata picha, wa takriban dakika tatu na nusu. Kamera imekaa nyuma ya gari na haitoki. Waigizaji wanajitungia maneno huku wakihangaika kutafuta pa kuegesha. Bart anaingia benki nasi tunabaki nje, na hapo ndipo kazi ya Laurie inapoonekana: polisi anakuja, yeye anashuka, anamsifia bastola yake, kengele ikilia anampiga anaanguka. Ungekata picha ukaingia ndani, Laurie angebaki dereva anayesubiri. Kwa kutokukata, Lewis ametuonyesha wawili wanaogawana kazi sawasawa.

Baada ya Armour wanapanga kuachana kwa miezi kadhaa, kila mmoja na gari lake. Wanaondoka, wote wawili wanageuza, wanakimbiliana. Hapo hakuna anayemburuta mwenzake, na kwangu hilo linatosha kulikataa jina la zamani.

Mwisho, hata hivyo, unalirudishia nguvu. Kanuni za Hollywood za wakati ule zilitaka mhalifu alipe. Kinamasini, ndani ya ukungu, marafiki wa utotoni wa Bart wanasogea bila silaha mkononi, Laurie anajiandaa kuwapiga risasi, na Bart anamfyatulia Laurie kabla hajafyatua, kisha naye anauawa na polisi. Mtu pekee aliyewahi kuuawa na Bart ni mkewe.