Msako wa misimbo ya QR shuleni: simu inaongeza nini?

Utaratibu wenyewe ni rahisi: misimbo ya QR, yaani michoro ya mraba yenye nukta nyeusi na nyeupe inayosomwa kwa kamera ya simu, inabandikwa sehemu mbalimbali za shule, kikundi kinaskani, kinapata swali, kinajibu, kisha kinaelekezwa kituo kingine. Wasioupenda huuliza: bahasha yenye karatasi ndani ingeshindwa nini? Kwa misako mingi, isingeshindwa kitu.

Hata hivyo bahasha ina udhaifu wake. Kikundi cha kwanza kikiifungua, huchanika, hupotea, au hufichwa makusudi ili wenzao wakwame. Msimbo wa ukutani husomwa na kikundi cha sita vilevile, na mpita njia haoni swali. Faida ni hiyo. Mengine ni mbwembwe.

Upande wa pili kuna vifaa. Tanzania na Kenya wanafunzi kwa kawaida hawaji shuleni na simu, kwa hiyo zitatumika za walimu au vishikwambi vya shule. Darasa la watu 42 lenye vifaa 6 hutoa vikundi vya watu 7: mmoja anashika simu, sita wanamfuata kama msafara wa harusi. Simu ibadilishe mkono kila kituo, na wengine wapewe kamba, futi na daftari. Vituo navyo viwe 6, kila kikundi kianzie kituo chake, la sivyo wote watarundikana cha kwanza. Kwa dakika 4 kila kituo ni dakika 24. Kwenye kipindi cha dakika 40 zinabaki 16 za maelekezo, kutembea na kusahihisha. Darasa la watu 80 ligawanywe, nusu wabaki na kazi ya daftari.

Hoja kwamba kuskani kutakula bando la intaneti haina uzito mkubwa, kwani msimbo unaweza kubeba maandishi yenyewe bila kiungo cha intaneti. Usizidishe herufi 120 hivi. Maandishi yakiongezeka nukta hujaa na simu ya bei nafuu hukwama. Kwa kuwa karatasi itachafuka, unapotengeneza msimbo chagua kiwango cha Q cha kurekebisha makosa, kinachostahimili uharibifu wa takriban 25%. Acha pembeni nafasi nyeupe ya upana wa nukta 4. Msimbo wa sentimita 5 husomeka vizuri kwa umbali wa nusu mita. Plastiki ya laminesheni hung'aa juani na kuizuia kamera, basi bandika kivulini. Tena, baadhi ya simu zikikuta maandishi matupu hukimbilia kuyatafuta mtandaoni. Weka programu ya kuskani inayoyaonyesha tu, na ijaribu mtandao ukiwa umezimwa.

Kinachoharibu msako zaidi ni swali lenyewe. "Mji mkuu wa Uganda ni upi?" hujibiwa popote, hivyo wanafunzi wanakimbia bure. Ukiandika "Pimeni mzingo wa tangi la maji kwa kamba, mtafute kipenyo", lazima wafike. Mzingo ukiwa mita 4.4, kwa pai ya 22/7 kipenyo ni mita 1.4, na kikundi kilichonakili jibu la jirani hakitakuwa na kipimo cha kuonyesha.

Walimu wengi hutoa herufi moja kila kituo ili mwishoni liundwe neno. Wajanja hulikisia wakishapata herufi nne, wakaacha vituo viwili. Tumia tarakimu, kwani hazikisiki kama neno.