Mtaro ni wa nani?

Jamani, huu mtaro umenichosha. Nimepanga chumba Ngamiani, hapa Tanga, na masika yakianza tu maji yanarudi uani, meusi, yamebeba chupa na maganda ya ndizi, mpaka ndala zinaelea zenyewe kuelekea chooni. Ukimpigia baba mwenye nyumba: "Uchafu ni wenu wapangaji, zibueni." Haya. Na ule mfuniko wa zege uliovunjika ukatumbukia ndani, nao ni uchafu wangu? Koleo lenyewe tunaazima kwa jirani! Kodi ya miezi sita ameshachukua, tena aliihesabu mara mbili.

Shemeji yangu yuko Chicago. Kule theluji ikianguka usiku, sheria ya jiji inataka njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba iwe imesafishwa kufika saa nne asubuhi, na inawabana wote, mwenye nyumba na mpangaji. Mkataba wetu sisi una mistari minne: mitatu ya kodi, mmoja wa kutofuga kuku.

Mawingu yametanda tena upande wa bahari. Godoro nimeshalipandisha mezani.